Uko na Nani Hapo?

Katibu wa misiba wa kanisa letu hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mfupi, mwenye masikio makubwa, na sweta la kijani ambalo hakulivua hata kwenye jua la Agosti. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Hata hivyo nimewaona wanaume wenye ng'ombe na nyumba za bati wakitetemeka kupokea simu kwa sababu tu ni yeye aliyepiga.

Walichoogopa ni swali lake. Akishakusalimu kwa jina la Bwana, akishaulizia nyumbani, shamba na mvua, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Uko na nani hapo?"

Ukisikia hivyo ulijua. Kwa waumini wa Kasulu, na kwa ndugu zetu waliotapakaa mpaka Kibondo, swali hilo lilikuwa na maana moja tu: kuna mtu wako amefariki. Lakini Katibu hakusema nani mpaka umjibu. Ukisema uko peke yako, alikwambia, "Nenda kwa jirani. Mimi nasubiri." Na alisubiri kweli. Alikaa na simu sikioni akisikiliza viatu vyako vikikanyaga njia, mlango ukigongwa, jirani akiitwa, huku salio lake likiyeyuka. Hakukubali kukata ili akupigie tena. Alisema mtu akishaulizwa swali lile haachwi.

Kuna mzee wa Kagerankanda aliyepigiwa akiwa katikati ya shamba la mahindi. Alipoulizwa yuko na nani, alijibu kwamba yuko na mbuzi.

"Mbuzi hatoshi," Katibu akasema. "Tafuta mtu."

"Katibu, mtu wa karibu yuko ng'ambo ya mto."

"Basi vuka."

Akavuka, suruali imekunjwa, simu juu ya kichwa. Mpaka leo mzee yule akisimulia kifo cha kaka yake huanza na mbuzi. Watu wanacheka, halafu yeye mwenyewe analia. Nadhani ndivyo Katibu alivyotaka, msiba uwe na mahali pa kuanzia. Hakuwa anaanza na mwisho. Kabla ya kumpigia yeyote alikaa kwanza na watu wa nyumba ile akiwauliza marehemu aliamkaje, alikula nini, alisema nini, kwa sababu, alituambia, "mtu akishamaliza kulia atauliza, nami nisiwe na jibu?"

Sijui ni nani aliyempa kazi hiyo. Nilipoletwa hapa nikitokea chuo cha uinjilisti nilimkuta nayo, na sikuwahi kusikia mtu akiitaka.

Zamani, kabla ya simu, alipeleka habari kwa baiskeli. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa unashika gurudumu kama ugali wa muhogo, kwa hiyo mara nyingi baiskeli ndiyo iliyobebwa na yeye. Tatizo lilikuwa kwamba watu wakiiona inakata kona walianza kulia kabla hajafika, na mara nyingine walilia nyumba isiyo na msiba. Akatafuta dawa. Siku akiwa na safari zake mwenyewe, alifunga jembe nyuma ya baiskeli. Jembe likionekana, watu walipumua. Alikuja nalo kanisani, alikwenda nalo sokoni, alikwenda nalo harusini. Baiskeli ilipochakaa aliendelea kulibeba begani. Wageni walidhani ni mkulima hodari. Wangeshangaa kama wangeliona shamba lake.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alisimamia misiba yote, lakini aliogopa maiti. Wakati wa kuaga ungemkuta nyuma ya nyumba anapanga sufuria ambazo zilikwisha pangwa. Na alikuwa mtu wa kushuku. Maharage aliyouziwa na shemeji yake aliyapima upya mbele ya shemeji huyo huyo. Kondakta akimrudishia noti, aliinyoosha kwenye mwanga mpaka gari zima likaguna. Chai ya hotelini hakuinywa kabla hajaona maji yanachemka kwa macho yake, na mama ntilie wa stendi alichoka naye. "Katibu," alimwambia, "ingia tu jikoni ujipikie, mimi nikae hapo ulipokaa." Mtu kama huyo ungesema hadanganyiki.

Lakini ulikuwapo mlango mmoja usio na komeo. Katika uamsho tuliolelewa nao, ndugu akisema "Bwana asifiwe", unajibu "Amina". Usipomjibu umemwambia kwamba una neno naye moyoni, na ukiwa na neno naye itabidi mkae chini mlitengeneze mbele ya wengine. Nimehudhuria vikao virefu vilivyotokana na Amina moja ambayo haikusikika. Katibu alilichukua jambo hilo kwa uzito kuliko sisi sote. Siku moja lilipita stendi ya Kasulu gari la mahubiri lenye spika juu, na mhubiri akatoa "Bwana asifiwe" dirishani akiwa anaondoka. Katibu alijibu, akaona hakusikika, akalikimbilia lile gari na jembe begani. Mhubiri alipandisha kioo.

Kwa hiyo siku ulipoingia kwenye simu yake ya kitochi ujumbe ulioanza na "Bwana asifiwe, mpendwa!", hapakuwa na swali. Chini ya salamu hiyo kulikuwa na nusu ya mstari wa zaburi, umekatwa katikati, na maneno: "Jibu AMINA upokee baraka kamili." Alijibu. Kesho yake asubuhi ukaja mwingine, naye akajibu. Ikawa ndiyo desturi yake. Anasimama njiani, anaweka jembe chini, anavaa miwani, anaandika Amina herufi kwa herufi kwa kidole kimoja, anaituma, anavua miwani, anaendelea na safari akiwa ametulia kama mtu aliyetimiza wajibu.

Niliikagua mistari ile. Ilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Laiti wangeandika uongo, ningeuonyesha kwa kidole. Waliandika kweli, wakaifanya chambo.

Aliyegundua kwanza ni Mama Zuhura, mjane aliyetoka Tabora na kufungua kibanda cha vocha karibu na soko. Nilikuwapo siku hiyo. Katibu alikwangua vocha mbele yake, akaiingiza, akaondoka, na kabla hatujafika kwenye kona akarudi kununua nyingine.

"Katibu, ile umempigia nani?"

"Sijapiga."

"Basi umejiunga na kitu."

"Sijajiunga na kitu. Nimejibu salamu."

"Ndiyo kujiunga kwenyewe huko! Ukijibu wanakata salio, na usipojibu wanakata vilevile, kwa sababu ulishajibu. Mimi walinikamata na mapishi ya pilau. Nikabonyeza pilau, kumbe nimebonyeza na mahaba. Kila asubuhi naletewa jinsi ya kumpendeza mume, na mume mwenyewe nimemzika."

Mimi nilicheka. Katibu hakucheka. "Hayo ni mapishi," alisema. "Hili ni Neno."

Tukaenda ofisi ya mtandao wenyewe, tukapanga foleni. Kijana wa kaunta alikuwa mpole, alitupa viti, alituita wazee wangu. Aliichunguza simu akasema huduma hiyo si yao, ni ya kampuni nyingine, kwao inapita tu.

"Inapita ikiwa imebeba nini?" nilimuuliza.

Akatabasamu.

"Na kampuni hiyo ofisi yake iko wapi?"

"Kwa kweli mzee wangu, hilo sina."

"Lakini wanaokata salio ni nyinyi."

"Si sisi. Ni mfumo."

Nimehubiri miaka mingi juu ya shetani, na naweza kusema namfahamu kiasi. Anakuja na hila zake, anataka kitu, na anaweza kukemewa kwa jina. Mfumo sikujua nianzie wapi kuukemea. Nilitoka pale na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwangukia, na hasira ya namna hiyo humrudia mwenyewe.

Hata hivyo kijana alitupa njia. Alisema ukitaka kujitoa unaandika ACHA NENO, unatuma kwenye namba ile ile, basi. Akanyoosha mkono apewe simu atusaidie. Katibu akairudisha simu mfukoni mwa sweta.

"Kwa nini?" nilimuuliza tulipofika nje.

"Nimwandikie Mungu kwamba Neno lake liache?"

"Humwandikii Mungu. Unawaandikia wezi."

"Wezi ni wao, Mwinjilisti. Maneno si yao."

Nilimletea hoja, nimesomea hoja. Nilimwambia kwamba Neno halikai ndani ya vocha, kwamba yuko huru kulisoma lote nyumbani bila kukatwa katikati, kwamba kumfungia mlango mwizi hakumtoi mtu katika imani. Alisikiliza yote akitikisa kichwa kukubali, mpaka nikadhani nimemshinda. Halafu akasema, "Umesema vizuri sana. Lakini kidole kitakachoandika ni changu."

Nilikata tamaa naye mara nyingi, na nasema haya nikimshukuru Mungu aliyenipa rafiki mkaidi, maana wepesi wa kukubali nimewaona walipoishia. Lakini uvumilivu wangu ulijaribiwa. Wazee wa kanisa walikuwa wametenga sehemu ya sadaka kwa ajili ya vocha ya misiba. Sadaka ile, iliyotolewa na wanawake wanaouza tangawizi na dagaa, ilikuwa inakwenda kwa watu tusiowajua ili watuletee nusu ya mistari ambayo tunayo mizima majumbani.

Yeye alibuni tiba yake. Akishaingiza vocha alizima simu, akatoa betri, akaipuliza, akangoja, akairudisha. Aliamini kwamba mtandao ukiikuta simu imekufa utamsahau. Mara chache salio lilibaki, na hizo mara chache zilimtosha kuamini.

Ndivyo mambo yalivyokuwa alipofariki Mama Dorika.

Alikuwa jirani yetu, mjane, akilea mjukuu wake wa kike. Dorika, mama wa mtoto huyo, alikuwa Kibondo, akitafsiri Kirundi na Kiswahili kwenye mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Mtu wa kwanza wa kuambiwa alikuwa yeye. Katibu alikaa kwanza na mtoto na majirani kama kawaida yake, akauliza asubuhi ilikwendaje. Kisha akasimama chini ya upenu wa jiko akapiga, nami nikiwa kando yake.

"Bwana asifiwe, Dorika." Akasikiliza, akatabasamu kidogo. Aliulizia kazi. Aliulizia kama Kibondo mvua imeanza. Akanyamaza. Akauliza, "Uko na nani hapo?"

Simu ikatoa mlio mfupi, ikanyamaza.

Aliitoa sikioni akaitazama. "Dorika?" akaiita. "Dorika, mwanangu?"

Salio lilikuwa limekwisha. Asubuhi ile, kabla hatujaitwa msibani, alikuwa amejibu Amina.

Simu yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani kwenye chaji. Wanawake wakauliza kutoka ndani kama Dorika amepatikana. Katibu akasema amepatikana, mtandao tu umekatika, yeye mwenyewe anatoka mara moja na kurudi. Kwa hiyo hakuna mwingine aliyempigia. Huo ndio utaratibu wetu: habari ya msiba inatolewa na Katibu, na wengine wananyamaza wasije wakamtangulia. Naye akakimbia kwa Mama Zuhura, akanunua vocha, akaiingiza, na kwa hofu kwamba nayo italiwa, akatoa betri.

Wakati betri iko mkononi mwake anaipuliza, Dorika alikuwa anampigia. Haipatikani. Akampigia mama yake. Ile simu ililia ndani ya chumba, juu ya meza, na wanawake wakaitazama, kwa maana hakuna aliyethubutu kupokea simu ya marehemu, na wote, kwa kuwa waliambiwa amepatikana, waliamini kwamba Dorika anajua. Aliendelea kupiga huku na huku mpaka chaji ikamwishia, akiwa tayari ndani ya gari. Katibu aliporudisha betri na kupiga, hakumpata tena.

Barabara ya kutoka Kibondo ni ndefu kwa mtu aliyeulizwa swali lile akaachwa nalo. Kasulu alikuwa na watu wawili tu, mama yake na mtoto wake. Njia nzima, alituambia baadaye, alikuwa akiwapima. Akimwombea mmoja, alijisikia anamuua mwingine.

Alipofika, mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Dorika alimwona, akacheka. Alicheka kwa sauti, akasema "Asante Yesu", akamnyanyua juu. Kisha akaona wanawake wameketi chini kwenye mikeka, wamejifunga khanga viunoni, na kicheko kikabaki mdomoni kikiwa hakina pa kwenda.

Katibu alimfuata. Alipiga magoti, mtu mzima yule, akaomba msamaha. Dorika hakupaza sauti.

"Nilicheka, Katibu," alisema. "Nimeingia kwenye msiba wa mama yangu nacheka. Nimeshukuru. Mama yangu yuko ndani amelazwa, mimi nashukuru kwamba ni yeye."

Baada ya mazishi Katibu aliwaambia wazee kwamba hapigi tena simu za misiba. Hatukuweza kumgeuza. Wazee wakaanzisha kundi kwenye simu janja, habari zikawa zinatupwa humo. Zilifika haraka, sikatai. Lakini mzee yule wa Kagerankanda alisomewa kifo cha binamu yake akiwa sokoni, kati ya utani wa mpira na tangazo la vifaranga. Alikuja kwangu amevimba kwa hasira. "Mwinjilisti," alisema, "safari hii hata mbuzi sikuulizwa."

Na Katibu? Aliendelea kujibu Amina kila asubuhi. Nilipomgombeza alisema, "Sasa simpigii mtu. Halimdhuru yeyote." Nikaenda zangu, nisije nikatenda dhambi kwa mdomo.

Yalipita masika, kikapita na kiangazi. Siku moja Dorika alinipigia. Alikuwa amemchukua mtoto wakaishi wote Kibondo. Alinisalimu vizuri, kisha akasema, "Mwambie Katibu ile simu haijaisha. Aje aimalize."

Nilimpelekea ujumbe nikidhani atakataa. Hakuuliza kitu. Siku ya safari alikuja stendi na jembe.

"Hatuendi kulima," nilimwambia.

"Watu wasishtuke," alijibu, na kweli, ndani ya basi mama mmoja wa kanisa letu alimwona akageuka rangi, akalitafuta jembe kwa macho, akaliona, akajifuta jasho. "Mwakeye, Katibu," alimwamkia kwa Kiha, na kumpa ndizi.

Dorika alikuwa amepanga nyumba ndogo ya matofali. Tulipofika kwenye uzio Katibu alisita. Alilishusha jembe begani akaliegemeza nje, kwenye miti ya uzio, akaingia mikono mitupu. Nikaelewa amekuja kazini.

Tulikaribishwa barazani. Mtoto alitupa shikamoo, akaleta vikombe vya chai ya tangawizi. Tulizungumza juu ya bei ya mahindi na habari za kambi. Ndipo simu ya Katibu ikalia mlio ule mfupi, na mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe.

"Ni wao?" Dorika akauliza.

"Ni wao."

"Bado wanakula?"

"Wanakula. Lakini siku hizi sipigii mtu, kwa hiyo…"

"Kwa hiyo akifa huyu Mwinjilisti nani atanipigia? Nisome kwenye kundi?"

Nilikuwa nakunywa chai. Niliiweka chini.

"Katibu, sikukuita uombe msamaha. Uliuomba, nami nimeutoa, ingawa ulichelewa kunitoka moyoni. Nimekuita umalize simu. Lakini siongei na mtu ambaye atakatika tena."

Katibu aliinamia vidole vyake. "Unajua wanataka niandike nini."

"Najua. Mwinjilisti aliniambia."

"Mimi ni mzee, Dorika. Nikitoka hapa nikafa, neno la mwisho nililoliandika kwa mkono wangu liwe hilo?"

"Neno la mwisho ulilonipa mimi ni 'Uko na nani hapo'," alisema. "Nimekaa nalo. Nimelala nalo. Na wewe kaa na hilo."

Nilikuwa na hoja tele, lakini nilichukua tena kikombe changu cha chai.

Alivaa miwani. Alisoma ule ujumbe mpaka mahali ulipokatwa. Kisha akasema, kwa mdomo, akiielekea simu kama mtu anayemjibu jirani ng'ambo ya ua: "Amina." Alisubiri kidogo. Halafu akaanza kuandika. Kidole kilikwenda herufi kwa herufi, kikasimama katikati, kikaendelea. Alipotuma alifumba macho.

Jibu lilirudi mara moja. Alinipa nisome kwa sauti kwa sababu miwani yake ilikuwa imeingia ukungu. "Bwana asifiwe, mpendwa! Umejitoa. Ukitaka kurudi, jibu AMINA."

Naapa sikuwahi kutamani kutupa kitu cha mtu kama nilivyotamani kuitupa ile simu. Hata kwenye kumfungulia mlango atoke, walikuwa wamemtegea tena. Nilimtazama. Aliipokea simu kutoka kwangu, akailaza kifudifudi juu ya mkeka, akaiacha. Hiyo ndiyo salamu pekee niliyowahi kumwona akiipita.

Akavuta kigoda karibu na Dorika.

"Bwana asifiwe, Dorika."

"Amina."

Aliulizia kazi. Aliulizia kama Kibondo mvua imeanza. Dorika alimjibu moja moja, na hakuna aliyetabasamu. Katibu akanyamaza kidogo.

"Uko na nani hapo?"

Dorika alimvuta mtoto, akamweka mapajani ingawa alikuwa amekwisha kuwa mkubwa. "Niko na mwanangu," alisema. "Na Mwinjilisti."

"Vizuri. Asubuhi ile mama yako aliamka mapema. Alimwogesha huyu, huyu akalalamika maji ni ya baridi, mama yako akamwambia baridi ya Kasulu haijawahi kuua mtoto. Walikunywa uji. Kisha akakaa mlangoni kuchambua maharage. Alimwambia huyu yenye madoa ayaweke kando, ni ya mbegu, wewe Dorika utakuja kuyapanda."

"Niliyachanganya," mtoto akasema.

"Uliyachanganya. Bibi yako akacheka. Akasema basi tuanze upya."

Aliendelea hivyo, hakuruka kitu. Alieleza jua lilikuwa wapi, nani alipita njiani, Mama Dorika alimwambia nini aliyepita. Alipofika mwisho aliusema mwisho, kwa sauti ile ile ya chini. Ndipo Dorika akamlilia mama yake, na safari hii ndani ya kilio hapakuwa na kitu kingine kilichochanganyika.